Kusi likianza: Laza chombo vizuri, kisikugharimu msimu ujao

Na Mwandishi Wetu

WAVUVI na wenye vyombo wa mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hupanga mwaka wao kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na ndicho kipindi cha bahari tulivu na mifuko iliyojaa. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, na nguvu zake hasa ni Juni hadi Agosti. Miezi hiyo bahari kuu huchafuka, masika huwa yamekwisha kulowesha kila kitu, na wenye mashua, ngalawa na boti ndogo wengi huamua kuvipandisha vyombo vyao pwani wakisubiri pepo zigeuke.

Si wavuvi peke yao. Huko Watamu na Malindi nchini Kenya, boti zinazobeba watalii wanaovua samaki wakubwa kwa starehe nazo hupumzishwa kati ya Aprili au Mei na Julai, kwa sababu bahari ni mbaya na wageni ni wachache. Katika vijito vya Mtwapa na Kilifi, ambako maji yamejificha na mawimbi, boti za starehe hukaa miezi kadhaa bila kuguswa.

Tatizo huonekana Septemba. Mwenye chombo anafika pwani akiwa na hamu ya kuanza kazi, anakuta mashine haiwaki, mbao zimeachana, kamba zinakatika mkononi na nyavu zimetafunwa na panya. Wakati huo akiba imekwisha, mafundi wana foleni, na kila wiki inayopita bila kwenda baharini ni wiki ya mapato iliyopotea. Ndiyo maana makala haya yanasisitiza jambo moja: chombo huharibika haraka zaidi kikiwa kimekaa kuliko kikiwa kazini, na kazi ya kukiokoa hufanywa wiki ya kwanza ya kukilaza, si wiki ya mwisho kabla ya kukishua.

Wenzetu wa nchi za baridi

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama Marekani, Kanada na nchi za kaskazini mwa Ulaya, kulaza boti na magari ya matembezi ni kazi yenye ratiba yake. Sababu ni barafu. Maji yanapoganda hupanuka kwa karibu asilimia 9, na yakiwa yamebaki ndani ya mashine yanaweza kuipasua bloku ya chuma. Kwa hiyo mwenye boti hutoa maji yote, huingiza kimiminika kisichoganda, hutunza mafuta, hufunika chombo na kukiacha hadi jua lirudi.

Sisi hatuna barafu, na pengine ndiyo sababu wengi wetu hudhani hatuna la kufanya. Lakini tuna maadui wengine wanne ambao hawapumziki: chumvi, maji ya mvua, jua na wadudu. Chumvi hula chuma, mvua huozesha mbao, jua hukausha na kupasua, na wadudu hutoboa. Kila kazi iliyoelezwa hapa chini inamlenga mmoja wao.

Chagua siku na mahali

Kazi ya kwanza ni kupandisha chombo. Kwenye pwani yetu, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia mita 3 na zaidi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baadaye. Ukipandisha chombo wakati wa maji mafu, ujue maji ya bamvua yatakufuata na kukitikisa chombo usiku, mkuku ukigonga mchanga kila wimbi.

Aidha, bamvua hazilingani. Zile kubwa kabisa za mwaka huja karibu na Machi na Aprili, kisha tena Septemba na Oktoba. Hii ni bahati kwa anayelaza chombo msimu wote wa kusi: anaweza kukipandisha juu kabisa kwa bamvua la Aprili na kukishua kwa bamvua la Septemba. Lakini anayetaka kurudi baharini Julai asikipandishe juu kiasi hicho, kwani maji ya katikati ya mwaka yanaweza yasikifikie, na italazimu kukusanya watu wengi kukiburuta.

Mahali pafaa pawe upande uliojificha na kusi, nyuma ya rasi au ndani ya mlango wa mto. Usiweke chombo mahali ambapo mawimbi ya kusi hula ufukwe, kwani mchanga unaweza kuondoka chini ya mkuku na chombo kikalala ubavu. Vilevile kumbuka kuwa msimu wa mpito una hatari zake. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika maeneo ya Mafia na pwani ya Tanzania, wakati ambao wengi huhesabu kuwa kaskazi imekwisha na vyombo viko salama. Fuata taarifa za mamlaka ya hali ya hewa hata kama chombo chako kiko nchi kavu, na kifunge kwa kamba kwenye mnazi au nanga iliyofukiwa.

Chombo kisilazwe moja kwa moja juu ya mchanga. Weka magogo chini ya mkuku, kisha kisimamishe kwa gadi pande zote mbili. Gadi ziwe nyingi na zikae chini ya taruma, si katikati ya ubao mtupu, maana ubao usio na taruma nyuma yake utabonyea. Inua omo juu kidogo kuliko tezi ili maji yatelemkie nyuma na kutoka. Chini ya magogo weka mawe, kwa sababu mti unaogusa udongo ni daraja la mchwa kuingia chomboni.

Mashua, dau na ngalawa za mbao

Mafundi wa zamani wa Nungwi, Matondoni na Kilwa walijua jambo ambalo vijana wengi hulipuuza: maji ya bahari hayaozeshi mbao, maji ya mvua ndiyo yanayoozesha. Kuoza ni kazi ya kuvu, na kuvu huhitaji maji matamu na hewa. Chumvi huizuia. Kwa hiyo dau lililojaa maji ya mvua ndani ya ngama kwa miezi miwili liko katika hali mbaya kuliko lililokuwa likivuja maji ya chumvi kaskazi nzima.

Baada ya kupandisha chombo, ondoa mbao zote za sakafu, toa mchanga, magamba ya samaki na takataka zilizoziba njia za maji kati ya taruma, kisha osha ndani yote kwa maji ya bahari. Fungua kizibo cha chini na ukiache wazi. Kizibo chenyewe kifunge kwa uzi mahali utakapokiona, au kitasahaulika siku ya kushua.

Kinachofuata ni wadudu wanaotoboa mbao baharini. Huyu watu humwita mdudu, lakini kwa hakika ni ndugu wa chaza aliyegeuka umbo. Huingia akiwa mdogo mno, kwa tundu dogo kama ncha ya sindano, kisha hukua ndani akila mbao kwa urefu wake. Nje ubao huonekana mzima, ndani umekuwa kama sega la nyuki. Njia ya kumgundua ni kugonga ubao kwa mpini wa nyundo na kusikiliza: ubao mzima hulia kwa sauti kavu, ulioliwa hutoa sauti ya kitu kitupu. Penye shaka choma kwa ncha ya kisu.

Mdudu huyu huweza kujifungia ndani ya tundu lake na kuishi siku nyingi chombo kikiwa nchi kavu, hivyo siku mbili tatu za kupwelewa hazimuui. Ndiyo sababu wenye vyombo wa mwambao wamekuwa wakichoma chini ya chombo kwa moto wa makuti. Moto hupitishwa haraka, ukitembezwa ubao kwa ubao, ili joto liingie ndani bila mbao kuungua. Fanya kazi hii asubuhi kabla upepo haujashika nguvu, ondoa kwanza petroli, oili na tanga chomboni, na weka ndoo za maji karibu. Chombo kizima kimewahi kuteketea kwa makuti machache yaliyoachwa bila mtu.

Baada ya moto hupakwa deheni, yaani chokaa iliyokandwa na mafuta ya mnyama, sehemu inayokaa majini. Sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo hulisha mbao na kuzuia jua. Sifa inanuka, hilo halina ubishi, lakini ubao uliopakwa hauchaniki ovyo. Penye uhaba wa sifa, wapo wanaotumia mafuta ya nazi au mafuta mengine ya kupaka mbao yanayouzwa madukani.

Wanaotumia rangi za kuzuia magamba wajue mambo mawili. Kwanza, nyingi ya rangi hizo hupoteza nguvu zikikaa kavu muda mrefu, kwa hiyo usipake Aprili, paka siku chache kabla ya kushua. Pili, rangi za zamani zenye sumu ya bati zilipigwa marufuku na mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 ulioanza kutumika 2008, kwa sababu ziliua chaza na konokono wa pwani. Ukiuziwa kopo kuukuu kwa bei ya chini, soma maandishi yake kwanza.

Adui wa mwisho wa mbao ni jua. Ubao ukikauka kupita kiasi husinyaa, viungo vikaachana na kalafati ikadondoka. Dawa ni kivuli. Banda la makuti la miti minne linatosha, na ni bora kuliko turubai la plastiki lililobanwa, kwa sababu hewa hupita. Ukilazimika kutumia turubai, liinue kwa mti wa katikati na uache omo na tezi wazi. Tena mwagia sitaha na mbao za ndani maji ya chumvi jioni mara kwa mara, kama walivyofanya wazee. Yanalainisha ubao na kuzuia kuoza kwa wakati mmoja.

Kuhusu kalafati yenyewe, usiwe na haraka. Ukigongelea pamba nyingi wakati ubao umekauka sana na viungo vimeachama, chombo kikirudi majini ubao utavimba, utakosa nafasi, na msukumo wake utang'oa misumari kwenye taruma. Kwanza lowesha chombo kwa siku kadhaa, viungo vikaribiane, ndipo uzibe pale panapohitaji kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Angalia pia michirizi ya kutu inayotoka kwenye vichwa vya misumari. Msumari unaolia kutu umekaribia kukatika.

Boti za faiba

Wenye boti za faiba hudhani hazina kazi. Ni kweli haziliwi na mdudu wala mchwa, lakini zina udhaifu wao. Maji yakiachwa ndani hupenya kwenye michubuko na kuingia katika nyuzi, na mara nyingi huozesha mbao zilizofichwa ndani ya sakafu na ukuta wa nyuma unaobeba mashine. Ukuta huo ukioza, mashine inaweza kung'oka baharini.

Zaidi ya hayo, maji ni mazito. Boti ya urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.5 ikijaa maji ya mvua sentimita 10 tu, imebeba takriban kilo 900. Uzito huo ukikalia gadi mbili, faiba itapasuka pale inapogusa. Fungua kizibo, inua omo, na kagua baada ya kila mvua kubwa kwamba tundu halikuzibwa na majani. Pasipo na kivuli, rangi ya juu hugeuka unga mweupe kwa jua. Funika kwa makuti au turubai linalopitisha hewa. Michubuko yote ikauke kabisa kabla ya kuzibwa, kwani kuziba maji ndani ni kuficha maradhi.

Mashine: hapa ndipo pesa ilipo

Kwa wavuvi wengi, mashine ya kufunga nyuma ni ghali kuliko chombo chenyewe. Nayo ndiyo huachwa ikiwa na chumvi tumboni na petroli kwenye kabureta, kisha ikafunikwa gunia. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Kwanza, ioshe ndani kwa maji matamu. Ifunge mashine kwenye pipa lililojaa maji ya kisima, maji yapite juu ya matundu inayovutia, iweke huru bila gia, na uiwashe kwa mwendo wa chini dakika 10. Maji yakichafuka yabadilishe. Usiiwashe kavu hata kwa dakika moja, kwani feni ya mpira inayosukuma maji hupozwa na maji hayo hayo, na ikizunguka kavu huungua.

Pili, imalize petroli iliyomo. Mashine ikiwa bado inanguruma ndani ya pipa, chomoa mpira wa mafuta na uiache ijizime yenyewe. Petroli ikikaa miezi mitatu hivi huanza kupoteza nguvu yake na kuacha utomvu unaoziba matundu madogo ya kabureta. Hii ndiyo sababu kubwa ya mashine kugoma Septemba. Petroli iliyokwisha kuchanganywa na oili itumie katika safari za mwisho. Isiyochanganywa iingize kwenye pikipiki au iuze. Usilaze tangi lenye mafuta.

Tatu, fungua plagi, mimina oili kidogo, kama kijiko kimoja, katika kila silinda, kisha vuta kamba ya kuwashia polepole mara kadhaa ili oili ienee. Rudisha plagi. Kila baada ya wiki mbili au tatu vuta tena kamba hiyo polepole, pistoni zisigande mahali pamoja.

Nne, toa oili ya gia na uitazame rangi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na mpira wa kuzuia maji umechoka. Ni heri kujua Aprili kuliko kujua Septemba. Weka oili mpya sasa hivi, kwa sababu maji yakiachwa ndani miezi mitano yatakula meno ya gia.

Tano, toa propela, ondoa mishipi na nyuzi za nyavu zilizojiviringisha kwenye ekseli, paka grisi na uirudishe. Tazama kipande cha zinki kilichofungwa chini ya mashine. Kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya mashine. Kikibaki nusu kibadilishe, na kamwe usikipake rangi, maana kikifunikwa hakifanyi kazi.

Sita, mashine isimame wima kwenye farasi wa mbao, ndani ya nyumba, ili maji yote yateremke. Ikibidi kulazwa, kichwa kisiwe chini kuliko propela, la sivyo maji yaliyosalia yataingia kwenye silinda. Usiifunge kwa nailoni. Kitambaa cha pamba kinatosha. Andika namba ya mashine kwenye daftari na uitunze mbali nayo, kwa sababu kusi ni msimu mzuri pia kwa wezi wa mashine.

Dizeli, betri na vifaa vidogo

Mashine ya dizeli iliyomo ndani ya chombo hufuata kanuni tofauti kidogo. Tangi lake lijazwe hadi juu badala ya kuachwa tupu, kwa sababu nafasi yenye hewa hutoa jasho la maji, na maji ndani ya dizeli huzaa uchafu unaoziba chujio. Badilisha oili kabla ya kulaza, si baada, kwani oili iliyotumika ina asidi inayokula vyuma. Pitisha maji matamu kwenye njia za kupozea, ziba bomba la moshi kwa tambara, na uzungushe mashine kwa mkono mara moja moja.

Betri itolewe na kupelekwa nyumbani. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 ikiwa imetulia. Ikishuka chini ya 12.4 ichajiwe. Ikiachwa tupu kwa miezi, ndani yake hutanda ukoko na haitarudi hata kwa fundi. Sola ndogo ya nyumbani yenye kidhibiti chaji inaweza kuitunza msimu wote.

Tanga lifuliwe kwa maji matamu, likaushwe kabisa, likunjwe na kutundikwa juu, mbali na panya na unyevu. Nyavu za nailoni haziozi kwa maji lakini huliwa na jua. Zisiachwe juu ya paa la banda. Kamba za mkonge ni kinyume chake: jua halizidhuru sana, unyevu ndio unaoziozesha. Nanga na minyororo isuguliwe kutu na kupakwa oili.

Kwa wavuvi wa maziwa

Si pwani peke yake inayolaza vyombo. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na vyombo vya Kigoma na mialo mingine vikakaa nchi kavu miezi mitatu. Ziwani hakuna chumvi ya kula mashine wala mdudu wa kutoboa mbao, lakini kumbuka kanuni ya kuoza: maji yote ya ziwa ni matamu. Mtumbwi wa ziwani unahitaji kukauka kivulini na kupakwa mafuta, wala haufai kuachwa nusu majini, nusu nchi kavu. Sehemu ile ya mpaka, inayolowa na kukauka kila siku, ndiyo huoza kwanza. Hatua za petroli, plagi na oili ya gia hazibadiliki. Taa za kuvulia dagaa na betri zake nazo zinataka chaji na mahali pakavu.

Mkulima naye asikae kando

Msomaji mwenye pampu ya kumwagilia, trekta la mkono au gari la kubebea watalii anaweza kutumia kanuni hizo hizo. Pampu ya petroli ikimaliza kazi ya kiangazi, toa maji yote kwenye tumbo lake, maliza petroli na utie oili kwenye silinda. Trekta la mkono lililotoka kwenye mpunga lioshwe tope, makali ya jembe yapakwe oili na mikanda ilegezwe.

Gari la watalii linalopumzika Aprili na Mei lioshwe chini tope la mbugani, liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya matofali imara ili matairi yasibebe uzito mahali pamoja, na betri ichomolewe. Ziba bomba la moshi na tundu la kuingizia hewa kwa wavu wa waya, kwa sababu panya wanaotafuta mahali pakavu wakati wa masika hupenda sana kutafuna nyaya. Bandika karatasi kwenye usukani ikumbushe kuondoa vizibo hivyo kabla ya kuwasha.

Hesabu yake

Wengi husema hawana pesa ya kulaza chombo. Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme mashine yako iliuzwa shilingi 6,000,000 na ikitunzwa itafanya kazi miaka 6. Kila mwaka inakula shilingi 1,000,000 ya thamani yake. Isipotunzwa ikafa baada ya miaka 4, kila mwaka imekula 1,500,000. Tofauti ni nusu milioni kwa mwaka, kabla hujahesabu siku ambazo chombo kilikaa kikisubiri fundi. Weka bei zako mwenyewe mahali pa hizi, kisha linganisha na gharama ya oili ya gia, plagi, grisi, makuti na posho ya vijana wa kupandisha chombo.

Pesa hiyo isitafutwe Aprili, itengwe wakati wa kaskazi. Katika mgawo wa samaki kuna fungu la chombo. Tajiri na nahodha wakikubaliana kutenga shilingi 3,000 kila safari, na chombo kikaenda safari 25 kwa mwezi kwa miezi 5, watakuwa na shilingi 375,000 mwisho wa msimu. Haba na haba hujaza kibaba. Makubaliano yaandikwe na pesa ikae mahali pasipofikika kirahisi, kwenye kikundi au akaunti ya pamoja.

Vikundi vya usimamizi wa fukwe vinaweza kusaidia zaidi. Wenye vyombo kumi wakinunua makuti na chokaa pamoja watapata bei nafuu, na mlinzi mmoja anatosha kwa vyombo vyote vikilazwa mahali pamoja. Kwa mfanyabiashara mdogo, hapa kuna biashara pia: kuosha mashine kwa maji matamu, kuuza makuti na gadi, kuchaji betri na kulinda vyombo ni kazi zinazohitajika kila Aprili bila kukosa.

Kabla ya kushua

Anza maandalizi wiki mbili kabla ya bamvua utakalolitumia. Lowesha chombo cha mbao kila siku hadi viungo vikaribiane, kisha kalafati na kupaka. Mashine ijaribiwe ndani ya pipa kwa petroli mpya, na utazame maji yakitoka kwenye tundu lake la kando. Yasipotoka, feni ya maji ibadilishwe. Kagua kamba, nanga, maboya ya kujiokolea na taa. Rudisha kizibo. Siku ya kwanza, chombo cha mbao kikae kwenye maji kikiwa kimefungwa, na mtu abaki ndani kutoa maji hadi ubao ushibe. Safari ya kwanza iwe fupi, ndani ya miamba.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye chombo aliyeosha mashine yake na kuondoa maji ya mvua kwenye ngama mwezi Aprili ataingia Septemba akiwa na kazi ya siku chache tu. Jirani yake aliyeacha vyote chini ya mnazi atakuwa kwa fundi, na samaki wa mwanzo wa msimu watauzwa na wengine.